Nyumba ya Kwanza ya Chama

Ukutani mwa ofisi ya Chama cha Akiba na Nyumba cha Jikwamue, Musoma mjini, palitundikwa picha ya nyumba ya bati, vyumba viwili, mlango wa bluu. Chini yake waliandika: Nyumba ya Kwanza, Nyamuswa, 2011. Kila mwanachama mpya alionyeshwa. Na kila ilipoonyeshwa, Onesmo Keraryo, muuza vipuri vya baiskeli, alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Maana nyumba ile haikuwa Nyamuswa, jamani. Ilikuwa palepale Musoma, Nyakato, na ndani walikaa wapangaji.

Chama kilianza na watu kumi na wawili wa sokoni, Waislamu kwa Wakristo, na kwa mwaka ulitoka mkopo mmoja tu wa kujengea. Kura ya kwanza ilimwangukia Siwema, fundi cherehani, mjane mwenye watoto watatu kwenye chumba cha kupanga. Onesmo akasimama kikaoni, akalia. Akasema mama yake, Nyangi, anazeekea Nyamuswa kwenye msonge wa nyasi zilizooza. Siwema akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mpeni yeye kwanza. Mama ni mama."

Hakuna aliyekwenda kukagua. Nani angekagua machozi ya mtu mzima?

Na siku ile hakudanganya. Alikusudia kweli. Ila kiwanja cha Nyakato kilijitokeza kwa bei ya kutupa, akajisemea kodi ya wapangaji itamjengea mama mwakani, na picha ya nyumba hiyo akaipeleka chamani kama ya Nyamuswa. Mwakani! Mara ada za watoto, mara pikipiki, miaka kumi na mitatu ikayeyuka. Siwema alingoja minne mpaka kura ikamrudia. Saruji ilikuwa imepanda, akaambulia chumba kimoja. Wala hakunung'unika, na hilo ndilo lililomfanya Onesmo apite njia ya mbali kila alipomwona.

Sasa mwenyekiti, Bi Sabiha, akaja na wazo la kuandika kitabu cha historia ya chama. Lazima kianzie Nyamuswa, mama mwenyewe apigwe picha mlangoni. Onesmo akasema barabara mbovu. Akasema mama anaumwa.

"Anaumwa? Basi twende tukamwone," akasema Siwema, akanunua kilo mbili za sukari.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jumamosi wakafika, na mama Nyangi akatoka akiinama chini ya nyasi zilezile. Bi Sabiha akaangaza huku na huku.

"Kaka Onesmo, nyumba iko wapi?"

Onesmo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama alishaelewa. Wazazi hawa! "Alitaka kunijengea, wanangu," akasema. "Mimi nikamkataza. Bati lina joto, silipendagi. Kosa ni langu."

Bi Sabiha akashusha pumzi, akafungua daftari aandike.

Hapo ndipo aibu ilipomkaba Onesmo, kuliko hata ile ya kukamatwa. Bibi wa miaka themanini anasimama mlangoni kwake kusema uongo ili amsitiri mwanawe mwenye mvi!

"Usiandike, Bi Sabiha. Mama hakukataa. Sikumuuliza hata siku moja. Nyumba iko Nyakato, napangisha."

"Nyamaza, Onesmo," mama akamkatiza. "Wageni hawajanywa hata uji."

Hakuna aliyefoka. Laiti wangefoka! Siwema alipiga goti, akampa mama sukari na shikamoo yake, akaitikiwa. Aliposimama akamtazama Onesmo, sauti ya chini kabisa.

"Ukijaga kumwona mama, unalala humu?"

"Hapana, dada. Nilikuwaga narudi jioni ileile."

"Kwa nini?"

Onesmo akainamisha kichwa. Mama yake alikuwa anasikia.

"Panavuja," akasema.