Uzi wa Kijani

Hebu mwone Mama Nice, muuza mashuka wa Kariakoo, akishuka kwenye bajaji mbele ya hoteli ya ufukweni, Kigamboni, kabinua midomo. Bintiye Nice kamleta apumzike, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini dukani. Bwawa akaliita beseni. Chai akaiita maji ya kuoshea vikombe.

Chumbani mhudumu akasema, “Shuka zetu pamba tupu, mama.”

Mama Nice akachomoa uzi, akautia kiberiti. Ukayeyuka, ukawa kishanga cheusi.

“Nailoni hii, mwanangu. Tapeli gani kawauzia?”

“Duka moja la Kariakoo, mama. Waliapa kabisa.”

Mama Nice akafunua pindo la shuka. Akakuta mshono wa kijani, alama ya duka lake mwenyewe. Nice anaijua alama ile, naye anamtazama. Ungekuwa wewe, ungemwambia nini mwanao?