Mtaro na Matanga

Ukitaka kumkuta Restituta amenyamaza, nenda kanisani wakati wa mahubiri, na hata huko utamwona akitazama nani hakuja. Ndiye mwenyekiti wa kitongoji chetu, huku bondeni Muleba. Tulimchagua kwa mdomo wake. Hakuna aliyewahi kubishana naye akaondoka na ushindi.

Mwaka jana, kabla ya masika, halmashauri ilituletea koleo na viroba vya kujaza mchanga. Lwakatare, afisa mtendaji wa kijiji, akatutangazia kwamba mvua zitakuwa kubwa, na mtaro unaoshuka mlimani uzibuliwe mapema mpaka kwenye kalavati chini ya barabara. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, kama asemavyo kila mkutano, hata wa chanjo ya kuku. Tukakubaliana kuanza Jumatatu. Jumapili akafariki mzee Byarugaba.

Kwetu mtu akifa majembe yanalala. Udongo unaguswa kwa kaburi tu, na hata baada ya mazishi halimi mtu mpaka matanga yaishe. Lwakatare alimsihi Restituta, akamwambia mvua haina matanga.

"Wewe si mtoto wa hapa hapa, waitu, ndugu yetu?" Restituta akamjibu. "Unataka nisemwe kwamba nilipiga jembe kwenye msiba wa mzee?"

Tulimuunga mkono wote. Leo wapo wanaojifanya walikataa, waongo wakubwa. Migongo yetu ilifurahi kupumzika.

Mvua ikaja kabla matanga hayajaisha. Kalavati lilikuwa limezibwa na migomba iliyooza na nyasi za kutandazia mashamba, basi maji yakapinda na kuingia kwenye kibanja cha Clotilda, shamba lake la nyumbani. Nyumba yake ilisimama. Lakini mumewe, Mutembei, alikuwa amezikwa pale nyuma, katikati ya migomba, kama tunavyozika sote. Kulipokucha tulikuta shimo lenye tope. Tulitafuta bonde zima, tukapata ubao mmoja wa jeneza. Mutembei mwenyewe hatukumpata. Tulimheshimu marehemu mmoja mpaka tukampoteza mwingine.

Hatia ilimla Restituta, nasema nilichokiona. Alikonda. Mikutano ikawa mifupi. Kila mkungu mzuri uliokomaa shambani kwake aliupeleka kwa Clotilda, na Clotilda aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango. Siku moja tukichuma kahawa Restituta aliniambia, "Angenitukana tu, ningepata usingizi." Nikainamia tawi langu, maana na mimi nilikuwa nimepumzisha mgongo.

Mwaka huu tangazo likaja tena, koleo zikatolewa stoo, siku ikapangwa. Na Mungu naye, sijui alikuwa anatupima, akamchukua Annastella, mama mzazi wa Restituta. Tukamzika. Kesho yake, siku ile ile ya mtaro, tulikuwa tumekaa msibani kwenye nyasi, majembe yamelala, mawingu yamejaa juu ya mlima. Hakuna aliyetaja mtaro. Nani angeanza?

Restituta akatoka ndani peku, jembe begani.

"Unakwenda wapi?" akauliza Kamugisha, kaka wa marehemu. "Utamwaibisha mama yako, na udongo wake bado mbichi!"

"Aibu niliiogopa mwaka jana, Mjomba."

Akapita. Tukabaki tunatazama miguu yetu. Mara Clotilda akanyanyuka katikati ya akina mama, akafunga kanga kiunoni, akachukua koleo na kumfuata. Hapo ndipo nami nilipopata miguu, na baadhi yetu tukaondoka. Kamugisha alibaki amekaa.

Tulipofika kalavatini, wale wawili walikuwa ndani ya tope mpaka magotini, mmoja anakata, mwingine anazoa. Restituta alikuwa analia bila kuacha kazi.

"Mama atanisamehe," alisema.

Clotilda akatupa tope kando kwa koleo. "Wafu hawana kinyongo, Ma Restituta," akasema taratibu. "Mimi bado ninacho."

Restituta akaitikia kwa kichwa. Clotilda akasogea kidogo kumpa nafasi ya kupiga jembe, wakaendelea.