Anatolia, Mwalimu wa Sura wa Sista Klara

Saa moja asubuhi. Anatolia Kokuhirwa (31) anapita kati ya akina mama waliokaa kwenye nyasi nje ya zahanati ndogo, maili chache kutoka Rubya, wilayani Bukoba. Hana daftari la majina. Huyu anamshika mwanawe shavu, yule anamuuliza kuhusu kikohozi, na kila mmoja Anatolia anamwita kwa jina lake.

Nyuma yake yupo Sista Klara, muuguzi aliyetoka Ulaya mwaka jana, 1953. Naye anayataja majina, polepole.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Siku moja Sista alimwita mama wa Rugambwa, mtoto aliyekuwa na malaria. Akainuka mama mwingine, mwenye kanga kama ya mwenzake na mtoto wa umri ule ule. Mama huyo hakuwa amesikia vizuri jina lililoitwa, na aliona haya kuuliza. Anatolia alipoingia na maji ya moto, sindano ilikuwa imeshainuliwa.

“Nilimshika mkono. Nikamwambia kwa heshima, ‘Waitu Sista, siye huyu. Huyu amekwisha kuchomwa asubuhi hii hii,’” anasimulia Anatolia, mhudumu wa zahanati hiyo kwa miaka tisa sasa.

Sista aliiweka sindano mezani, akaketi, akalia. “Kwangu wote wanafanana,” alisema.

Anatolia hakumlaumu. “Mimi nilipoanza kazi, masista walikuwa wanne. Nilidhani ni wawili wanaobadilishana miwani,” anasema, akicheka mpaka anajifuta machozi.

Kesho yake wakaanza kukaa na akina mama kabla ya kazi, sura tano kwa siku.

“Nilimwambia aache kutazama kanga, maana kesho mtu ataazima nyingine. Atazame nyusi, masikio, na mdomo unavyokaa mtu akicheka. Halafu amuulize habari za nyumbani. Mliyeongea naye hapotei akilini upesi.”

Miezi mitatu baadaye, siku ya gulio, Sista alimsimamisha njiani mwanamke aliyejitwika mkungu wa ndizi. “Rugambwa hajambo?” Mwanamke yule alitua mzigo, akamkumbatia.

Januari Anatolia anatarajia kwenda Bukoba kusomea ukunga. Mumewe, Byabato, mkulima wa kahawa huko Buganguzi, amekubali. Mama mkwe bado anaguna.

“Atazoea,” anasema Anatolia. “Mimi natamani kumpokea mtoto kwa mikono yangu, niitazame sura ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuiona.”