Mama mkwe anataka niseme ni mimi nilidanganya kuhusu kodi yake

Admin, ficha jina langu na ya cyber pia, juu hapa mtaani Noonkopir tunajuana.

Mimi ni msichana wa miaka 29. Nimezaliwa Ewuaso Kedong na niko na cyber ndogo hapa Kitengela. Kazi yangu kubwa ni kujazia watu returns za kodi. Wafanyabiashara wa hapa, wale wa magari kubwa kubwa, hata email hawana. Mtu anakuja siku ya mwisho kabisa, ananirushia kitambulisho kwa meza, anasema "weka sifuri" na anaenda kunywa chai. Wengi PIN ya kodi niliwafungulia mimi na email yangu, kwa hivyo barua zao za kodi zinaingia kwangu.

Mmoja wao ni mamake mchumba wangu. Nimuite Mama Vitunguu, kwa sababu anatoa vitunguu na nyanya mashambani huko Kimana na kuuzia mahoteli. Huyo mama ananidharau waziwazi. Siku ya kujulishwa aliwaambia mashangazi nikiwa hapo, "Kijana yangu nimesomesha mpaka university, ananiletea mtu wa kufotokopi vitambulisho." Wakacheka. Mchumba wangu pia alicheka kidogo, macho kwa simu. Ati mwanaume.

Sasa mahoteli yakaanza kukataa mzigo bila risiti ya mtandao, hizi ambazo ukitoa tu ofisi ya ushuru inaona. Nikawa namtolea mimi, mwaka mzima. Wakati wa returns ukafika, akakuja na wimbo wake wa kila mwaka: "Weka sifuri."

Nikamwambia, "Mama, saa hii haiwezi. Risiti zote wameziona. Ukisema hukuuza kitu watakuuliza."

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, wateja wako kwa laini. "Wewe umewahi kuuza kitunguu gani? Bonyeza vile nimekwambia."

Nikabonyeza. Sijitetei. Nilijua ni makosa, lakini nilikuwa na hasira, nikasema acha aone.

Na ameona. Barua iliingia ikimtaka aeleze vile risiti zinasema ameuza na yeye anasema hajauza. Nikamwambia mchumba wangu, akakimbia kwa mamake. Kesho yake mama mzima akaingia cyber akitabasamu, mfuko wa vitunguu mkononi.

"Mtoto wangu," akaniita. Mimi huyu! "Hii ni kitu kidogo. Andika barua, sema ulijaza bila kuniuliza. Ukisaini, Jumamosi tunakuja kwenu na mahari vile tulipanga."

Nikamwambia tunaweza kurekebisha hizo returns, alipe ile kodi, iishe. Akasema hawezi kuchafua jina yake ya biashara sababu ya system. Jina yangu ndio ya kuchafuliwa.

"Na nisiposaini?"

"Basi sijui kama gari zetu zitajua njia ya Ewuaso."

Nikampigia mchumba wangu. Unajua alisema nini? "Babe, si usaini tu? Wewe ni mtu wa cyber, kwani utapoteza nini?" Ako na miaka thelathini na nne na bado anatumwa na mamake. Nitapoteza nini! Nani ataniachia PIN yake akisikia najazia watu uongo bila kuwauliza? Hii cyber ndio inanilisha, na ndio ilisomesha wadogo wangu wawili. Lakini pia yeyo, mama yangu, ameshamaliza kushona shanga zangu za harusi. Ameambia watu wote. Ananipigia kila asubuhi kuuliza kama wakwe wanakula nyama ya mbuzi, na mimi namwambia ndio, yeyo, wanakula.

Hao watu nawadharau mpaka mwisho. Lakini wacha niwaambie ile kitu sijaambia mtu. Vile huyo mama aliniita mtoto wake, nilisikia vizuri. Nimemngojea aniite hivyo miaka tatu. Nilibeba vile vitunguu nikaenda nikapika, na nikiwa nakatakata nilikuwa naimba.

Barua nimeshaichapa, iko hapa chini ya kibodi. Imebaki tu sahihi yangu. Jumamosi ni kesho kutwa na yeyo ameniuliza tena kuhusu mbuzi. Jameni nishaurini, nisaini ama niirarue?