Mbolea Niliyoikoroga Mimi, Lawama Nikampa Dereva

Ndugu zangu, mimi ni mkosaji, na safari hii sina wa kumsingizia. Jina msiniulize. Ni fundi magari hapa Tunduma, hilo linatosha.

Kuna mama mmoja wa Mlowo ana van ya dizeli. Inabeba wagonjwa kutoka Galula na vijiji vya kule kuwapeleka hospitali. Dereva wake alikuwa Baba Rehema, jirani yangu, tunasali kanisa moja. Kazi ile aliniletea yeye. "Mama, mpe huyu, ni mdogo wangu," alimwambia bosi wake.

Sasa, van za siku hizi zina tanki dogo la maji ya urea, yanayopulizwa kwenye ekzosi kusafisha moshi. Kipindi fulani maji hayo yakaadimika mjini. Nikajitia mjanja! Nikachukua mbolea ya urea, hii hii ya mahindi, nikaikoroga na maji ya kisima, nikamimina kwenye tanki. Gari likawaka. Sikumwambia mtu.

Baada ya wiki chache mama na Baba Rehema wakalirudisha. Taa ya njano inawaka, na dashibodi inahesabu kilomita zilizobaki kabla injini haijagoma. Nikachomeka kompyuta. Ikasema maji ya tanki hayafai. Nikafungua nozeli inayoyapuliza kule kwenye ekzosi. Mungu wangu! Nyeupe pe, imeziba, imeganda kama chumvi.

Nilijua palepale. Ni ile mbolea yangu.

"Fundi, shida ni nini?" mama akauliza.

"Kuna mtu kaweka uchafu kwenye tanki."

"Nani huyo?"

Hata kunyamaza ningeweza! Lakini nikafungua mdomo: "Mimi nitajuaje, mama? Gari linalala kwa dereva."

Baba Rehema akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Mdogo wangu, hilo tanki sijawahi hata kugusa mfuniko wake. Si wewe ndiye unalijaza?"

"Kaka, mimi nasema inachosema mashine."

Mwongo mkubwa! Mashine ilisema maji ni mabaya, haikutaja jina la mtu.

Mama akamwambia aache ufunguo. Baba Rehema akachukua koti lake kwenye kiti, akaondoka kwa miguu. Mimi nimeinama, najifanya natafuta spana.

Na kazi yenyewe sikuifanya! Ilitakiwa nimwage tanki lote, nilioshe, nioshe na mipira yake, halafu niweke maji halali. Nikaona aibu hata kulitazama lile gari, nataka tu liondoke. Nikaosha nozeli kwa maji ya moto, nikafuta kosa kwenye kompyuta, taa ikazimika.

"Limepona, mama."

Wapi! Wiki iliyofuata dereva mpya alikuwa amembeba mchimbaji wa Galula aliyeangukiwa na jiwe mguuni. Taa imerudi, yeye hajui maana yake. Wakasimama sokoni Mlowo ndugu wa mgonjwa wanunue maji ya kunywa, dereva akazima gari. Halikuwaka tena.

Nikapigiwa simu, nikakimbia na bodaboda. Nilipofika, mgonjwa alikuwa ameshapakiwa kwenye lori juu ya magunia ya mahindi, wameondoka naye. Mama amesimama kando ya van. Nikachomeka kompyuta. Kosa lile lile.

Akanitazama. "Fundi, na dereva huyu naye kaweka uchafu?"

Watu wa sokoni wametuzunguka. Nikasema, "Mama, ni mimi. Tangu mwanzo ni mimi."

Yule mchimbaji mguu haukukatwa, ila anachechemea. Ni jiwe au ni kule kucheleweshwa? Sijui, na sitajua kamwe.

Nikaenda kwa Baba Rehema. Nikamkuta analima kibarua kwenye shamba la mtu. Nikapiga magoti kwenye matuta. Akaniinua, akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini wanangu wameambiwa shuleni kwamba baba yao anaharibu magari ya watu. Nenda kawaambie wao."

Nilikwenda. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya watoto watatu, nikasema kila kitu. Rehema, yule mkubwa, akauliza, "Baba mdogo, kwani baba alikukosea nini?"

Swali hilo natembea nalo mpaka leo.

Baba Rehema amerudishwa kazini. Gari analipeleka kwa fundi wa Mbeya. Akipita mbele ya gereji yangu hupiga honi kunisalimia, nami hutamani anitukane tu.

Mafundi wenzangu, shamba lina mbolea yake na gari lina maji yake, msichanganye. Na ukishaharibu, sema palepale, "Nimeharibu mimi." Utaona aibu siku moja tu. Mimi sikusema, na sasa kila Jumapili naingia kanisani nikitafuta benchi la nyuma, nisikutane macho na Rehema.