Pete ya Kati ya Taa ya Xavery

Xavery wa Bagara alikuwa fundi bati, na hasira zake zilitangulia kufika kabla yake. Akikosea ribiti anaitukana ribiti, anamtukana aliyeitengeneza, halafu anakugeukia wewe uliyesimama kando na kukuuliza unacheka nini. Lakini kazi yake, eh! Hata Mutuka, kijiji jirani, hakuna nyumba iliyokosa koroboi yake.

Mwaka ule wa themanini na nne, watu wakila ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kupanga foleni ya sabuni, akaletewa taa ya ajabu. Ilikuwa ya Bwana Aksel, Mzungu wa Denmaki aliyekuwa akichimba visima na kuishi nyumba yenye jenereta. Ilikuwa taa ya kuning'inia, yenye pete tatu za bati jembamba, moja juu ya nyingine kama masahani yasiyo na kitako. Barabara ya Arusha ilikuwa imeibonyeza.

Xavery akainyoosha, kisha akaitazama, akawaka.

"Hawa watu wana balbu, halafu wanaificha kwa masahani! Wamelogwa?"

Akachomoa pete ya kati, akaitia mfukoni. Jioni akaitundika taa mwenyewe juu ya meza ya Mzungu. "Nimekuboreshea," akasema, kifua mbele.

Aksel akawasha. Balbu ikawapiga usoni, wote wawili wakaziba macho.

"Fundi," Mzungu akasema, anacheka huku machozi yanamtoka, "pete ya kati ndiyo taa yenyewe. Inapokea mwanga, inaumwaga mezani. Fundi wa kwetu alihangaika miaka kuipinda, ili anayekula asichomwe macho."

"Miaka! Kwa bati!" Xavery akamrudishia pete yake, akaondoka akicheka njia nzima.

Kicheko kikaishia mlangoni kwake. Mkewe, Paskalina, alikuwa na ugonjwa wa vikope. Mchana yuko shambani, jioni anashona kwa mkono sare za shule, koroboi iko puani, machozi yanadondokea kitambaa.

"Baba Sylvesta, kushona naacha. Huu moto unanichoma kama sindano."

Xavery akainuka. Alitwaa debe tupu la mafuta ya kula, akakata pete tatu, akazipaka chokaa kwa ndani, akaizungushia koroboi, juu akaacha wazi moshi utoke. Ya kwanza ilipinda, akaitukana hadi majirani wakatoka nje. Ya pili na ya tatu zikakaa. Paskalina akatunga uzi mara moja, bila kufuta jicho. Hakusifu, aliendelea kushona tu.

Sasa mtu mwenye akili angenyamaza. Xavery akatangaza Bagara nzima kwamba Denmaki wamempata mwenzao. Tangazo likamfikia Heriel, ofisa mmoja wa mjini, mtu wa Kaunda suti na kalamu mbili mfukoni. Akaja kuazima taa kwa ajili ya wageni. "Siku moja tu, fundi."

Siku moja ikazaa wiki, wiki zikazaa mwezi. Paskalina akarudi kwenye moto mtupu, kisha akakunja kitambaa, akakiweka sandukuni.

"Si utengeneze nyingine?" Heriel akasema walipokutana sokoni. "Wewe si fundi?"

"Kwa bati lipi, bwana? Kopo lenyewe siku hizi watu wanalificha kama sukari!"

"Basi subiri."

Kusubiri ndicho kitu Xavery hakufundishwa. Jioni ile akabisha kwa Heriel. Wageni wako mezani, na juu yao taa yake, imening'inizwa kwa kamba, inamwaga mwanga laini kwenye wali. Wali, ndugu zangu, mwaka ule!

"Hii niliagiza Denmaki," Heriel alikuwa akiwaambia.

Xavery akasogea mpaka mezani. "Hamjambo wageni. Heriel, nipe taa ya mke wangu."

"Baba Sylvesta, usinivunjie heshima mbele ya watu. Toka!"

"Nipe!" Xavery akaivuta taa.

Heriel akasimama, akaishika kamba ya taa kwa mikono miwili. Xavery akatazama ile mikono, akaacha kuvuta. Akaingiza vidole katikati, akachomoa pete moja, ya kati. Ikamchoma, hakuiachia.

"Iliyobaki kaa nayo. Ni ya Denmaki."

Akatoka. Nyuma yake mwali ukawa mtupu juu ya meza. Wageni wakakinga nyuso kwa viganja, Heriel akifokea moshi.

Nyumbani akaifunga pete kwa waya mbele ya koroboi, upande wa mkewe. Paskalina akatazama vidole vilivyobabuka.

"Umeenda kuchukua taa, umerudi na kipande?"

"Kipande ndiyo taa. Kaa hapa."

Akakaa, bado anamnung'unikia. Lakini sanduku alikuwa amekwisha kulifungua, na mkono ulikuwa unatafuta sindano.