Wakili Denver na Mapafu ya Hobert

Gazeti la mjini lilipoandika habari za mdogo wangu Denver Stiltner, lilijaza ukurasa mzima. Wakili aliyewabwaga wenye migodi mara mia mbili! Wakili aliyeitwa mpaka Washington kuwaeleza wakubwa jinsi mapafu ya mchimba makaa yanavyogeuka jiwe! Halikuandika kwamba herufi alifundishwa na mimi, Ocie, niliyeacha shule darasa la saba mama alipofariki, nikamlea. Wala halikuitaja kesi ya Hobert. Basi naiandika mwenyewe.

Hobert alikuwa mume wangu. Alichimba makaa ya mawe miaka ishirini na tisa hapa kwetu Kentucky, kwenye mgodi wenye dari ya chini hata mtu anafanya kazi kwa magoti. Alipofika miaka hamsini na sita, ngazi tano za kibaraza zilimshinda. Denver akafungua madai ya fidia dhidi ya kampuni. Daktari wao akaitazama eksirei, akasema lile si vumbi la makaa. Ni maradhi yatokanayo na kinyesi cha kuku.

"Kuku?" Hobert akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Shemeji, kamwambie huyo daktari mimi kuku namjua akiwa kwenye sahani."

Tukashinda. Kampuni ikakata rufaa. Tukashinda tena, ikakata tena. Jaji akastaafu, faili likaanza upya kwa mwingine. Miaka tisa! Kila nikiuliza, Denver ananijibu, "Subira, dada." Mtu anapumua kwa mpira wa oksijeni puani, nawe unaniambia subira.

Hobert akafa asubuhi moja ya mwezi wa Machi. Lakini kabla ya hapo aliniapisha: kisu kisimguse. Kanisani kwetu tunaamini miili itafufuliwa siku ya mwisho, naye alitaka kuamka mzima.

Asubuhi ile ile, marehemu akiwa bado chumbani, Denver aliweka karatasi mezani, kati ya sufuria ya maharage na mkate wa mahindi walivyoleta majirani.

"Nini hiyo?"

"Ruhusa ya kumpasua, dada, mapafu yatazamwe. Usipotia sahihi, watarudi na kuku wao."

"Si wewe bingwa? Eksirei unazo, na madaktari wako unao."

"Hao wanabishiwa. Mapafu ndiyo shahidi asiyebishiwa."

"Basi tafuta shahidi aliye hai."

"Ocie, nakuomba. Hobert mwenyewe alitaka ijulikane kilichomuua."

"Alitaka. Lakini aliloniapisha ni hili."

Akaniambia mimi mkaidi kuliko nyumbu wa baba. Nikamjibu nyumbu huyo ndiye aliyempeleka shule mvua ikinyesha, na hakuwahi kumwuliza maswali ya kipuuzi. Aliondoka bila kula.

Kesi ilipoitwa, wakili wa kampuni, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akauliza: kama familia iliamini madai yake, iliogopa nini kumchunguza marehemu? Nikamtazama Denver. Angeweza kusema ni dada yake na dini yake. Akainuka polepole.

"Mheshimiwa, familia ilikataa. Mimi ni familia hiyo."

Akaketi. Jaji akaandika kwamba haikuthibitika vumbi la makaa ndilo lililomuua.

Tangu hapo, kila mchimbaji aliyeingia ofisini kwa Denver aliwekewa karatasi ile siku ya kwanza, ajiamulie angali hai, ili mjane asije akaulizwa mezani kwake maiti ikiwa chumbani. Wajane wengi wameshinda kwa njia hiyo. Watu huniambia nifurahi. Nimejaribu, imenishinda.

Kiangazi kilichofuata hukumu ile nikamwita mchonga mawe. Nikamwambia aandike kwenye jiwe la kaburi jina la Hobert, tarehe zake, na chini yake: *Aliuawa na vumbi la makaa*. Denver akapanda kilimani kwenye makaburi yetu, akalisoma jiwe.

"Dada, hili mahakama haikulikubali."

"Nishtaki."

"Nitakuwa upande gani?"

"Wewe ndiye msomi. Chagua."

Hakucheka. Alisimama pale kofia mkononi muda mrefu, akisoma neno kwa neno kama asomavyo hukumu. Kisha akasema mchongaji amekosea tarehe ya kifo kwa siku moja.

Kweli alikuwa amekosea. Nikamwambia Denver ashuke akale.